Asili, Maana na Idadi ya Jina la Ukoo Lisilo la Kawaida: Mwongozo Kamili kwa Wenye Asili ya Moshi na Arusha

Karibu kila anayeniuliza habari za jina la ukoo wake huwa amekwama mahali pale pale. Ameliandika jina kwenye simu, tovuti ya ng'ambo ikampa idadi ya watu na nchi tatu ambazo babu yake hakuwahi kuzitaja. Akafungua kamusi ya Kiswahili, akakuta neno linalofanana, akalituma kwenye grupu la familia kwamba ndiyo maana ya ukoo. Baba mdogo akapinga, mjadala ukawa ugomvi, na kazi ikafia hapo.

Kosa ni la mpangilio. Maana na idadi ni mambo ya mwisho kutafutwa. Cha kwanza ni mahali. Anayejua kwamba jina limetoka Uru, au Mwika, au Usangi, tayari ana lugha ya kulielewa, kanisa la kuulizia na eneo la kuhesabia. Asiyejua mahali hana hata kimoja kati ya hivyo, na atazunguka mwaka mzima.

Nimeandika kwa ajili ya wenye majina adimu hasa. Ukiwa Massawe, Mushi, Lyimo au Mollel hatua ni hizi hizi, ila hesabu itakuwa nzito kwa sababu majina hayo yamesambaa mno.

## Andaa vitu hivi kabla hujaanza

- Kaunta buku moja, kwa kazi hii tu. Karatasi za kuokoteza hupotea.
- Simu yenye nafasi ya kutosha kurekodi sauti, na chaji ya akiba. Umeme wa mlimani si wa kutegemea siku nzima.
- Nakala za vyeti vyote vya zamani mnavyoweza kupata: vya ubatizo, kipaimara, ndoa, kuzaliwa, na kadi za chama cha msingi cha kahawa kama babu alikuwa mwanachama.
- Barua mbili za utambulisho: moja ya mwenyekiti wa mtaa au kijiji, nyingine ya kiongozi wa jumuiya au wa mtaa wa usharika.
- Orodha ya maeneo ya asili, uiandike ukurasa wa kwanza: Siha, Machame, Masama, Kibosho, Uru, Old Moshi, Kirua Vunjo, Kilema, Marangu, Mamba, Mwika na Rombo. Kwa Upare ongeza Ugweno, Usangi na Same. Kwa Meru ongeza Nkoaranga, Poli, Akheri na Songoro.
- Nauli, na kitu cha kumpelekea mzee: sukari, majani ya chai, sabuni. Usiende mikono mitupu.

## Hatua ya 1: Hakikisha ni jina la ukoo kweli

Fomu zetu zina nafasi tatu: jina la kwanza, la kati na la mwisho. La mwisho watu wengi hulichukulia kuwa la ukoo, lakini mara nyingi ni jina la babu tu. Mwalimu au karani aliuliza, "Baba yake baba yako anaitwa nani?" akaandika alichojibiwa, na jina likabaki hivyo hadi kwenye kitambulisho cha NIDA.

Lipime hivi. Tazama wajukuu wa ndugu wa babu yako, wa baba mmoja naye. Kama nao wanaishia na jina hilo, na wapo wengine vijiji vya jirani wanaoliita lao ingawa hamjui mnakutana kwa nani, ni la ukoo. Kama linakoma kwa watoto na wajukuu wa mtu mmoja, ni jina la mtu, na nyuma yake kuna jina la ukoo lililoachwa kutumika. Litafute hilo.

Kwa Wamasai na Waarusha kuna tofauti moja. Mollel na Laizer ni majina ya koo kubwa zenye matawi mengi ndani yake. Mtu wa Oldonyo Sambu na mtu wa Longido wanaweza kushiriki jina na wasiwe na babu wa karibu. Uliza tawi, si ukoo peke yake.

Hatua hii imekamilika unapoweza kusema bila kusita: hili ni la ukoo, au hili ni la babu na ukoo wetu ni fulani.

## Hatua ya 2: Andika tahajia zote zinazowezekana

Majina yetu yaliandikwa na watu wengi kabla hatujaanza kuyaandika wenyewe. Ndiyo maana ndugu wa tumbo moja wanaweza kuwa na vyeti tofauti: Urasa na Urassa, Malya na Mallya, Mareale na Marealle, Nko na Nnko, Mbaga na Mmbaga. Ukitafuta tahajia moja tu utakosa nusu ya watu wako.

Ongeza na tahajia ya Kijerumani. Wamisionari na maofisa wa wakati huo waliandika Moschi, Kiboscho na Madschame kwa Moshi, Kibosho na Machame. Kwa hiyo "sh" yako huenda iko kama "sch", "ch" kama "tsch" au "dsch", na "y" kama "j". Jina lenye sauti hizo liandike upya kwa herufi hizo kabla hujafungua kitabu chochote cha kabla ya 1916.

Onyo: usiunganishe majina kwa kuwa yanasikika jirani. Mosha, Moshi na Mushi ni majina matatu. Shao na Shayo ni mawili. Unganisha pale tu ambapo mtu yule yule, au watoto wa baba mmoja, wameandikwa kwa namna zote mbili.

## Hatua ya 3: Tafuta kihamba cha asili

"Sisi ni wa Moshi Vijijini" halitoshi. Unatafuta jibu la swali moja: baba wa babu yako amezikwa wapi? Taja kijiji, kitongoji, na kama inawezekana kihamba chenyewe (shamba la migomba na makazi ya ukoo), jirani wa juu na wa chini.

Sababu ni kwamba Kichaga si kimoja. Kimachame, Kivunjo, Kirombo na lugha ya Old Moshi zinatofautiana kiasi cha wazee wa pande mbili kulazimika kurudi kwenye Kiswahili. Kirwa cha Meru kinakaribiana na Kimachame kuliko Kimachame kinavyokaribiana na Kirombo. Ukikosea mahali, umekosea lugha, na maana utakayopata itakuwa ya watu wengine.

Jihadhari na vituo vya njiani. Familia nyingi zilishuka kutoka mlimani kwenda tambarare, upande wa Kahe, Hai ya chini au mashamba ya miwa ya TPC, na wajukuu wanataja huko kama kwao. Ukiambiwa "kwetu ni Mabogini," uliza tena: kabla ya hapo?

Jina likionekana sehemu mbili mlimani, usiamue bado kama ni ukoo mmoja. Andika zote mbili, hatua ya wazee itakusaidia.

## Hatua ya 4: Zungumza na wazee, kwa maswali yanayofungua

Nenda Desemba ukiweza. Kuanzia wiki ya Krismasi vihamba vinajaa, watu wa Dar es Salaam na Mwanza wamepanda, kuna kuchinja, na wazee wa matawi mbalimbali wanakaa pamoja. Huo ndio wakati wa kujua nani anajua nini. Mahojiano yenyewe lakini yasifanyike mbele ya ndugu ishirini. Amkia, kaa, kunywa ulichopewa, kisha omba siku: "Babu, naomba nije kesho asubuhi unisimulie habari za ukoo wetu." Asubuhi, kabla mbege, pombe ya ndizi, haijazunguka.

Usianze na "jina letu maana yake nini?" Mzee hapendi kumwacha mjukuu aende bila jibu, kwa hiyo atakupa jibu, hata kama amelifikiria pale pale. Anza na mambo anayoyaona kwa macho:

- Aliyeanza kukaa kihamba hiki ni nani, na alitokea wapi?
- Ni ukoo gani hatuoani nao, na kwa nini?
- Tukichinja, nani anagawa nyama, na fungu la mkubwa linakwenda nyumba ya nani?
- Nani alihama, alikwenda wapi, na watoto wake wanaitwaje?

Swali la pili ni la thamani kubwa. Kwa desturi, wa ukoo mmoja hawaoani. Basi koo mbili zenye majina tofauti zikikataa kuoana, mara nyingi walikuwa kitu kimoja wakagawanyika, au kuna agano la zamani kati yao. Ndipo asili ya jina adimu inapojitokeza: huenda ni tawi la ukoo mkubwa lililochukua jina la babu mmoja.

Swali la nyama nalo si la tumbo. Mgawo hufuata ukubwa wa nyumba, na nyumba kubwa ndiyo inayotarajiwa kujua orodha ya mababu. Ukishaijua, umejua pa kwenda kesho.

Waulize pia bibi na mashangazi, na uwape muda sawa na wazee wa kiume. Bibi aliingia ukoo akiwa bi harusi, ikambidi ajifunze nani ni nani ili asimkosee mtu heshima. Alichojifunza ukubwani anakikumbuka kwa mpangilio. Shangazi aliyeolewa mbali hana mgogoro wa mpaka. Hili ni jambo la kuzingatia sana, kwa kuwa orodha ya mababu mlimani ni pia orodha ya warithi wa kihamba. Mzee mwenye kesi ya ardhi na tawi fulani anaweza kulisahau tawi hilo lote, bila nia mbaya. Shangazi atalitaja.

Kuhusu miaka, usimlazimishe mtu kutaja tarehe. Mshikize kwenye tukio. Babu huyu alikuwa ameshaoa Mangi (mtawala) Meli aliponyongwa, 1900? Alibeba mizigo wakati wa vita vya Mjerumani, alipoingia Mwingereza Moshi, 1916? KNCU, ushirika wa kahawa, inaanza 1933 alikuwa na miche ya kahawa? Aliiona sherehe ya Mangi Mkuu, 1952? Kwa kila jibu unapata dirisha la miaka michache, na madirisha matatu yakipishana yanakupa kizazi kwa uhakika wa kutosha. Uliza na rika lake la jando, kisha tafuta mtu mwingine wa rika hilo ambaye mwaka wake unajulikana.

Rekodi kwa ruhusa, na kila mmoja peke yake. Wazee wawili wakikaa pamoja, wa pili humfuata wa kwanza kwa heshima, na wewe utadhani una mashahidi wawili.

Umefaulu pale watu wawili wasiosikilizana wanapokupa mlolongo mmoja wa vizazi vitatu au vinne. Wanapotofautiana, andika matoleo yote mawili na jina la aliyesema. Usichague.

## Hatua ya 5: Makaburi na vitabu vya kanisa

Anza na makaburi, kwa kuwa hayahitaji barua. Kihambani, kati ya migomba, kuna kaburi la saruji lenye vigae na maandishi yanayosomeka vizuri. Pembeni yake, chini ya mimea ya masale, pana mengine ya zamani ambayo saruji yake imeota ukungu. Usikwangue kwa kisu. Chukua maji na brashi laini ya nguo, osha taratibu, kisha piga picha asubuhi au jioni jua likiwa limelala, maana kivuli cha pembeni ndicho kinachoonyesha herufi zilizolika. Piga kaburi zima, halafu maandishi. Mwaka wa kuzaliwa kwenye kaburi la mtu wa kabla ya 1930 uchukue kama makadirio.

Sasa vitabu. Walutheri wa misheni ya Leipzig walifika 1893, na Wakatoliki walikuwa wameshaanza Kilema na Kibosho katika miaka hiyo hiyo ya 1890. Kwa hiyo familia nyingi za mlimani zina watu walioandikwa kanisani miongo kadhaa kabla ya cheti chochote cha serikali. Hata cheti cha kuzaliwa cha RITA cha mzee wa leo, mara nyingi kilitolewa kwa kutegemea kadi ya ubatizo.

Kabla hujaandika barua, jiulize parokia au usharika gani ulikuwepo wakati ule. Parokia yenu ya leo huenda ilikuwa kigango cha parokia nyingine hadi juzi, na kitabu cha zamani kimebaki kwenye parokia mama. Watu wengi wanarudi wameambiwa "hakuna rekodi" kwa sababu hii tu. Uliza ofisini: "Kabla ya hapa kuwa parokia, tulikuwa chini ya nani?"

Ukifunguliwa kitabu cha Kikatoliki utakuta mistari yenye namba, tarehe ya ubatizo, tarehe ya kuzaliwa, jina, baba na mama, mahali, msimamizi na padre. Lugha ni Kilatini: *filius* ni mtoto wa kiume, *filia* wa kike, *natus* au *nata* ni kuzaliwa, *patrinus* ni msimamizi wa kiume. Usifunge kitabu kabla ya kusoma pembeni mwa mstari. Kwa utaratibu wa Kanisa, kipaimara na ndoa ya mtu huandikwa kwenye ubatizo wake, kwa hiyo wino mwembamba wa pembezoni unaweza kukuambia binti aliolewa lini, wapi na na nani, na hapo umepata tawi zima lililopotea.

Kwenye vitabu vya Kilutheri vya mwanzo tarajia Kijerumani: *geboren* kuzaliwa, *getauft* kubatizwa, *Vater* baba, *Mutter* mama. Mwandiko wa wakati ule una mitego. Herufi *e* inafanana na *n*, na *u* ina kialama juu kuitenga na *n*. Tarakimu 1 ina mkia mrefu wa juu, ukiharakisha utaisoma 7. 7 yao hukatwa mstari katikati. Mwombe karani akuonyeshe tarehe moja ya uhakika, uitumie kusomea nyingine.

Onyo kubwa: wabatizwa wa kwanza mara nyingi waliandikwa jina la Kikristo na jina lao la nyumbani, bila jina la ukoo. Ukipekua ukitafuta ukoo peke yake utaona ukurasa mtupu. Tafuta jina la baba, ulilolipata kwa wazee. Ndiyo maana hatua ya 4 inatangulia hii.

Usipige picha bila ruhusa, na usiguse mstari kwa kidole kilicholowa. Toa sadaka ya ofisi. Familia za Kiislamu waulize vyeti vya ndoa nyumbani, kwa shehe wa msikiti wa kata na ofisi ya BAKWATA ya wilaya. Huko karatasi ni chache zaidi, na ushahidi wa wazee unabeba uzito mkubwa.

Kazi ya hapa imekwisha ukiwa na angalau mtu mmoja wa ukoo aliyeandikwa kabla ya kuzaliwa kwa babu yako, na anayeingia sawasawa kwenye mlolongo wa wazee.

## Hatua ya 6: Sasa tafuta maana

Mahali unapajua, lugha unaijua, na tahajia ya zamani unayo. Jina la ukoo kwa kawaida linatokana na mojawapo ya mambo manne: mtu, mahali, kazi au tukio.

Marealle wa Marangu ni la mtu: Mangi Marealle aliyetawala huko wakati wa Mjerumani, na uzao wake ukalibeba. Mshana wa Upare linakwenda na kazi. Washana wanajulikana kwa uhunzi, na ndio waliokuwa na mamlaka Ugweno kabla ya Wasuya kuwapindua. Mwanahistoria Isaria Kimambo aliyakusanya masimulizi hayo kwa wazee wa Upare miaka ya 1960. Angalia jinsi ushahidi ulivyokaa: kuna kazi yenyewe, kuna masimulizi, na kuna majina mawili, Mshana na Msuya, yaliyopo mpaka leo katika maeneo yale yale. Hivyo ndivyo maana inavyothibitishwa.

Maana yoyote utakayopewa ipitishe kwenye maswali haya. Neno hilo lipo kwenye lugha ya kijiji chenu, au lipo kwenye Kiswahili tu? Linafanana na tahajia ya zamani, au na ya sasa? Ameisema mtu zaidi ya mmoja, wasiosikilizana? Kuna kitu kingine kinachoiunga mkono: mahali penye jina hilo, kazi ya ukoo, mwiko, kaburi? Ikishindwa maswali mawili, iandike kama simulizi ya familia. Ni mali ya ukoo pia, na ina heshima yake, lakini usiipe cheo cha uthibitisho.

Kama jina la ukoo limetokana na jina la babu wa kwanza, tafuta maana ya jina la huyo mtu, na mara nyingi safari itaishia hapo. Kuna majina ambayo maana yake imezikwa na waliokuwa wakiijua. Ukoo unaweza kubaki na asili iliyo wazi bila tafsiri ya jina, na hiyo ni kazi iliyokamilika.

Usitafsiri kwa kufananisha na nchi nyingine. Tom Mboya alikuwa Mjaluo wa Kenya. Akina Mboya wa Kilimanjaro ni Wachaga. Njau wapo kwa Wakikuyu na wapo kwa Wachaga. Kufanana kwa jina hakuleti undugu, mpaka masimulizi ya pande zote mbili yakutane.

## Hatua ya 7: Hesabu watu

Hapa ndipo wengi hudanganyika, kwa hiyo twende polepole.

Ofisi ya Taifa ya Takwimu haitoi idadi ya watu kwa jina la ukoo. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 61,741,120 nchini, 1,861,934 Kilimanjaro na 2,356,255 Arusha, lakini taarifa za mtu binafsi ni siri kisheria. Tovuti za ng'ambo zinazokupa namba kamili ya jina lako zinakadiria kutoka orodha chache, na zinachanganya majina yanayoandikwa sawa. Jaribu Lema: ni jina la huku kwetu, na pia ni jina la Galicia, Hispania, lililosambaa hadi Ekuado. Namba ya dunia ya Lema haikuambii lolote kuhusu Machame.

Amua kwanza unahesabu nani. Waliozaliwa na jina? Na walioolewa nalo? Watoto wa mabinti? Andika uamuzi wako juu ya ukurasa. Ushauri wangu: hesabu waliozaliwa nalo walio hai, na walioolewa nalo waweke safu ya pembeni.

Kwa jina la kaya chache, hesabu mtu mmoja mmoja. Kila tawi limchague mtu mmoja, akuletee idadi ya wake kwa umri na mahali wanapoishi. Kisha tengeneza orodha ya pili isiyotegemea ya kwanza. Mwenyekiti wa kitongoji anazijua kaya zake. Daftari la awali la wapiga kura linapobandikwa vituoni lina watu wa miaka 18 na zaidi.

Orodha mbili zinakupa uwezo wa kukadiria waliosahaulika na zote. Tuseme ya familia ina watu wazima 60 wa kata hiyo, ya pili ina 50, na walioko kwenye zote ni 40. Zidisha 60 kwa 50, gawanya kwa 40: unapata 75. Kwa kuwa 40 wametajwa mara mbili, jumla ya waliotajwa ni 70, na huenda kuna kama 5 wasioonekana popote. Hesabu hii inafaa tu kama walioandaa orodha hawakuoneshana.

Usizidishe watu wazima mara mbili ili kupata na watoto. Kitaifa walio chini ya miaka 18 ni karibu nusu, lakini vijiji vya mlimani vijana wamehama na wazee ni wengi, utapata namba kubwa kupita kiasi.

Kwa jina lililosambaa, tumia orodha za kitaifa. Zipo wazi mtandaoni: wanafunzi waliochaguliwa kidato cha tano, walioitwa kwenye usaili na Sekretarieti ya Ajira, waliopata vyuo. Chukua orodha moja ya mwaka mmoja, maana mwombaji kazi yule yule hujitokeza mara nyingi. Tafuta tahajia zako zote, na soma kila jibu kwa macho, kwa kuwa ukitafuta "Lema" kompyuta itakuletea na Kilema. Faili lililopigwa picha halitafutiki. Lisome au liache.

Mfano wa hesabu: orodha ina majina 40,000, jina lako limetokea mara 4. Hiyo ni 1 kwa kila 10,000. Kwa watu 61,741,120 unapata kama 6,200. Lakini usiiandike namba hiyo peke yake. Ukiona 4, bahati peke yake ingeweza kukupa 4 hata kama kiwango halisi ni kama 1 au kama 10. Kwa hiyo jibu la haki ni kati ya kama 1,500 na 15,400. Kwa idadi nyingine tumia vipimo hivi:

- Umeona 0: halisi inaweza kufika 3
- Umeona 9: kati ya 4 na 17
- Umeona 25: kati ya 16 na 37
- Umeona 100: kati ya 81 na 122

Ndiyo maana orodha kubwa ni bora. Na kuna upendeleo mwingine ambao vipimo hivi havirekebishi: orodha za shule na ajira zina vijana waliosoma, na Kilimanjaro imekuwa na sekondari nyingi kwa muda mrefu. Jina la kwetu litaonekana humo zaidi ya fungu lake. Egemea upande wa chini wa makadirio yako.

Umefaulu ukiweza kuandika sentensi ya namna hii: "Waliozaliwa na jina hili walio hai ni kati ya fulani na fulani, kwa orodha ya mwaka fulani, tahajia hizi na hizi zikijumuishwa."

## Hatua ya 8: Andika, kwa adabu

Kurasa nne au tano zinatosha: mahali, mlolongo, tahajia, maana na kiwango cha uhakika wake, idadi na namna ilivyopatikana. Kila jambo liwe na jina la aliyelisema au kitabu kilipo.

Majina na tarehe za walio hai usizisambaze mtandaoni bila ridhaa yao. Kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Mambo ya talaka, watoto wa nje na kesi za vihamba yaweke kwenye daftari, si kwenye waraka.

Chapa nakala. Moja impelekee mzee wa nyumba kubwa, umsomee yote kwa sauti, na usahihishe pale atakapokusimamisha. Nyingine iache kwa karani wa parokia au usharika aliyekufungulia kitabu, na nyingine kwa shangazi.